Kusoma Vinasaba vya Vijidudu vya Barafuni Ukiwa Uganda: Mwongozo Kamili

Mwanafunzi wa Makerere, Mbarara au Gulu anayetaka kuchunguza vijidudu vya Antaktika hahitaji kuanza na safari ya meli. Anahitaji swali zuri, laptopu yenye nguvu kiasi, intaneti ya kutosha, na tabia ya kutoamini upesi anachokiona kwenye skrini. Data nyingi za vinasaba zilizokusanywa kwenye ncha za dunia zimewekwa wazi, na yeyote anaweza kuzichukua bila malipo. Akishaiva, barafu yetu wenyewe iko Rwenzori, na inayeyuka kwa kasi isiyoruhusu kuchelewa. Mwaka 1906, msafara wa Luigi Amedeo wa Italia ulipozipanda zile safu, barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imezidi kupungua.

Mwongozo huu umepangwa kwa makusudi: chambua kwanza data ya wengine, kisha ndipo upande mlima. Anayekimbilia kuchota theluji kabla ya kujua data chafu inavyoonekana hurudi na chupa ambazo hakuna programu itakayoziokoa.

Kuna jambo moja ambalo kila hatua hapa chini inalizunguka. Barafu ina uhai haba. Gramu moja ya udongo wa shambani Masaka ina seli za bakteria kuanzia mamia ya mamilioni hadi mabilioni. Mililita moja ya theluji ya Antaktika iliyoyeyuka inaweza kuwa na mamia tu, au maelfu machache. Wakati huohuo ngozi yako, pumzi yako, vumbi la maabara, na hata kemikali mpya za kutolea DNA vyote vimebeba vinasaba vya bakteria. Kwenye udongo wa Masaka uchafu huo unazama usionekane. Kwenye theluji unaweza kuwa ndio sehemu kubwa ya kila utakachosoma. Kwa hiyo sampuli yenye thamani kuliko zote katika kazi hii ni ile isiyo na kitu: chupa ya maji safi iliyopitishwa kila hatua pamoja na nyingine. Nitaiita sampuli tupu.

Hatua ya 1: Jua wanakoishi

Baridi si makazi ya aina moja. Juu ya theluji inayoyeyuka huota mwani wenye rangi nyekundu, ambao hujikinga na jua kali kwa rangi hiyo na papo hapo huifanya theluji inyonye joto zaidi. Juu ya barafu tupu kuna krayokonaiti, vumbi jeusi linalonyonya jua na kuchimba vishimo vyenye maji. Adolf Erik Nordenskiöld ndiye aliyelipa jina hilo huko Greenland mwaka 1870. Ndani ya vishimo hivyo sayanobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, hufunga vumbi kuwa punje ndogo, na punje hizo hulisha jamii nzima ya vijidudu. Sayanobakteria aitwaye Phormidesmis priestleyi amepatikana kwenye vishimo hivyo katika Aktiki na Antaktika pia.

Udongo ulioganda daima wa Siberia, Alaska na Kanada una sura nyingine. Humo maji ya chumvi hubaki kimiminika katikati ya chembe za udongo, na bakteria huendelea kuishi polepole sana. Planococcus halocryophilus, aliyetolewa kwenye udongo wa namna hiyo Kanada, ameonekana akikua maabara kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri.

Makazi yanayonivutia kuliko yote ni majangwa makavu ya Antaktika. Udongo wake una maji machache mno na takriban hauna mimea, sasa vijidudu vyake vinakula nini? Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa kutoka Australia walionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa huko huvuta haidrojeni na kaboni monoksidi kutoka hewani, gesi zilizomo kwa kiasi kidogo kabisa, na kuzitumia kama chakula. Jibu hilo lilipatikana kwa kusoma vinasaba kwanza: waliunganisha jenomu (seti nzima za vinasaba) za bakteria ambao hakuna aliyewahi kuwaotesha, wakakuta jeni za vimeng'enya vya kushika haidrojeni, kisha wakarudi kwenye udongo wenyewe kupima kama gesi inapungua kweli. Ilipungua. Mpangilio huo wa kazi, vinasaba kwanza na kipimo baadaye, ndio wa kuiga.

Halafu kuna maziwa yaliyo chini ya barafu. Hadithi ya mawili kati yake inafundisha zaidi ya kitabu kizima cha mbinu. Ziwa Vostok limefunikwa na barafu ya kilomita tatu na zaidi. Warusi walilifikia Februari 2012, lakini shimo lao lilikuwa limejazwa mafuta ya taa ili lisigande, na mafuta hayo yana bakteria wake. Kila orodha ya vijidudu iliyotoka kwenye barafu ya Vostok imekumbana na swali lilelile: hawa ni wa ziwani au ni wa shimoni? Januari 2013 Wamarekani waliingia Ziwa Whillans, chini ya barafu ya mita 800 hivi. Walitoboa kwa maji ya moto yaliyochujwa, yakapigwa mwanga wa urujuanimno na kupashwa joto, na vifaa vilisafishwa kwa haidrojeni peroksidi. Walichukua sampuli za maji ya kutobolea vilevile. Walipotangaza mwaka 2014 kwamba kila mililita ya ziwa ina seli zipatazo 130,000, walikuwa na cha kulinganishia, na dunia ilikubali.

Hatua ya 2: Andika swali moja

Swali lazima liweze kujibiwa na "hapana". "Kuna vijidudu gani Antaktika?" si swali la utafiti. "Je, jamii za krayokonaiti za Svalbard, visiwa vya Aktiki, zinafanana zaidi na za Greenland kuliko na za Antaktika?" ni swali. "Je, jeni za kuvuta haidrojeni hupungua udongo unapokuwa karibu na bahari?" ni swali pia. Liandike kwa sentensi moja, ulibandike ukutani, kisha uendelee.

Hatua ya 3: Tafuta data iliyo wazi

Hazina tatu kubwa za vinasaba duniani, za Marekani, Ulaya na Japani, hubadilishana data, kwa hiyo ukiingia moja umeingia zote. Mimi hupendekeza ya Ulaya, ENA, kwa sababu inakupa kiungo cha faili moja kwa moja bila kulazimika kuweka programu maalumu. Tafuta kwa Kiingereza: "glacier metagenome", "ice metagenome", "snow metagenome", "permafrost metagenome". Kila mradi una namba yake inayoanza na PRJNA, PRJEB au PRJDB. Iandike, maana ndiyo utakayotaja baadaye.

Kabla ya kupakua chochote, soma makala ya mradi huo na ujibu mambo manne. Walisoma jeni moja au DNA yote? Walitumia praima zipi, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyochagua eneo la kusomwa? Sampuli zilitoka wapi hasa, kwa latitudo, longitudo na tarehe? Na je, waliweka sampuli zao tupu hazinani? Jibu la nne likiwa hapana, mradi huo unafaa kwa mazoezi, lakini usijenge juu yake hoja kuhusu bakteria adimu. Miradi mingi itaanguka hapo. Vumilia, tafuta mwingine.

Kuhusu praima, fahamu mtego huu. Jozi maarufu iitwayo 515F na 806R, inayosoma eneo la V4 la jeni ya 16S (jeni inayotumika kuwatambua bakteria), ilifanyiwa marekebisho mwaka 2015 na 2016 kwa sababu toleo la zamani liliwapunguza isivyo haki bakteria wa kundi la SAR11, walio wengi mno baharini, pamoja na arkea (vijidudu wanaofanana na bakteria lakini wa ukoo mwingine) wa kundi la Thaumarchaeota. Ukilinganisha mradi wa bahari ya Aktiki uliotumia toleo la zamani na mwingine uliotumia jipya, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya praima, si ya bahari.

Hatua ya 4: Kompyuta, bando na umeme

Kwa uchambuzi wa jeni moja, laptopu yenye RAM ya GB 16 inatosha, na hata ya GB 8 itakwenda kwa kuchechemea. Sampuli 60 za 16S ni takriban GB moja tu ya kupakua. Metajenomu, yaani DNA yote ya sampuli iliyosomwa kwa pamoja, ni habari nyingine: sampuli moja yaweza kuwa GB kadhaa, na kuziunganisha kunahitaji seva.

Usinunue bando la simu kwa kazi hiyo. Vyuo vikuu vingi nchini vimeunganishwa kwenye RENU, mtandao wa intaneti wa vyuo na taasisi za utafiti. Tumia eduroam ya chuo, pakua usiku, na tumia amri inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, mfano wget yenye alama ya -c, maana umeme utakatika tu. Ukimaliza, hakiki kila faili kwa namba yake ya MD5, inayoonyesha kama faili imefika nzima. Faili iliyokatika katikati huweza kufunguka vizuri na kukupa matokeo ya uongo.

Kwa seva, anza na Galaxy, jukwaa la bure linaloendeshwa kupitia kivinjari na linalofanya kazi kwenye kompyuta zao, si yako. Kampala kuna pia kituo cha bioinfomatiki kilicho chini ya Infectious Diseases Institute ya Makerere. Kazi yake kubwa ni magonjwa, lakini mbinu za kuunganisha jenomu ya kifua kikuu na ya bakteria wa Antaktika ni zilezile. Kwa jumla, nchi hii haijaanza leo kusoma vijidudu. Taasisi ya virusi ya Entebbe ilianzishwa 1936, na virusi vya Zika viligunduliwa na watu wake mwaka 1947. Ujuzi uko, ila umeelekezwa kwenye homa badala ya barafu. Waendee wataalamu hao kwa heshima, na uwapelekee swali lililoandikwa.

Hatua ya 5: Kutoka faili ghafi hadi jedwali la bakteria

Tuchukulie umepata data ya 16S iliyosomwa kwa mashine za Illumina. Utaratibu ni huu.

Pitisha faili zote kwenye FastQC na uangalie ubora unaanza kushuka wapi. Ondoa praima kwa Cutadapt, na utupe kila kipande kisicho na praima. Kisha ingia DADA2, ambayo unaweza kuitumia ndani ya R, lugha ya programu za takwimu, au ndani ya QIIME 2, kifurushi cha kuchambua vijidudu. Programu hii hujifunza makosa ya mashine kutoka kwenye data yenyewe na kukurudishia mifuatano halisi, bila kurundika pamoja ile inayofanana kwa asilimia 97 kama tulivyozoea zamani.

Uamuzi mgumu ni wapi pa kukata vipande. Kila DNA husomwa kutoka mbele na kutoka nyuma, na vipande hivyo viwili lazima vipandane ili viunganike; DADA2 hudai besi (herufi za DNA) 12 kwa uchache. Kwa eneo la V4 huna shida, kipande ni kifupi. Kwa V3 na V4 kwa pamoja, ambalo lina besi kama 460, ukiwa na usomaji wa besi 250 kila upande huna nafasi ya kukata sana. Ukiona nusu ya vipande vyako vimepotea kwenye hatua ya kuunganisha, usilaumu barafu. Rudi uongeze urefu. Jambo jingine: mashine mpya kama NovaSeq hutoa alama za ubora zilizokusanywa katika makundi machache, na hilo huivuruga DADA2 inapojifunza makosa. Angalia mchoro wa makosa kwa macho yako kabla ya kuendelea, na usichanganye data za mashine mbili katika hatua hiyo. Kila mzigo wa data ujifunzwe peke yake.

Kisha tambua majina kwa kutumia hazina ya SILVA. Ondoa kloroplasti na mitokondria. Kwenye theluji yenye mwani kloroplasti zinaweza kuwa sehemu kubwa ya data, na mtu asiyezitoa ataandika kwamba amekuta sayanobakteria tele.

Hatua ya 6: Kuondoa uchafu

Hapa usiharakishe. Jipe muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Kwanza, tazama sampuli tupu peke yake. Nani yumo? Orodha ya wageni wa kemikali za maabara imejulikana vizuri tangu 2014: Ralstonia, Bradyrhizobium, Burkholderia, Sphingomonas, Pseudomonas na wenzao. Cutibacterium na Staphylococcus hutoka kwenye ngozi za watu. Ugumu wa kazi yetu ni kwamba Sphingomonas na Pseudomonas wako pia barafuni kweli. Huwezi kufuta jina kwa sababu tu limo kwenye orodha mbaya. Inakubidi uangalie mfuatano wenyewe, besi kwa besi: yule wa kwenye sampuli tupu ndiye yuleyule wa kwenye barafu, au ni ndugu yake wa mbali?

Pili, tumia kifurushi cha decontam katika R. Kina njia mbili. Moja hutazama kiasi cha DNA: uchafu huongezeka kwa uwiano pale sampuli inapokuwa na DNA kidogo. Nyingine hutazama mahudhurio: anayeonekana mara nyingi kwenye sampuli tupu kuliko kwenye sampuli za kweli ni mgeni. Kwa barafu natumia njia ya mahudhurio na kizingiti cha 0.5, ambacho ni kikali kuliko 0.1 kinachokuja na programu. Njia hii haina maana kama una sampuli tupu moja tu. Panga tano au zaidi kwa kila mradi wako.

Tatu, na hili wengi hulisahau: linganisha idadi ya vipande kwenye sampuli tupu na kwenye sampuli za barafu. Ikiwa sampuli fulani ya barafu ina vipande sawa na vya chupa ya maji safi, au jamii yake inafanana na ya chupa hiyo, itoe yote nje ya uchambuzi. Inauma, hasa kama sampuli yenyewe ilitoka mahali pa mbali. Itoe hata hivyo, na uandike kwamba umeitoa.

Baada ya hapo ndipo upime wingi wa aina ndani ya kila sampuli na tofauti baina ya sampuli. Kumbuka kwamba data hii ni ya uwiano. Bakteria akionekana kuongezeka, huenda wenzake ndio wamepungua. Pia idadi ya nakala za jeni ya 16S hutofautiana: E. coli ana saba, bakteria wengi wa baridi wanaokua polepole wana moja au mbili. Asilimia 10 ya vipande haimaanishi asilimia 10 ya seli.

Hatua ya 7: Metajenomu, unapotaka kujua wanafanya nini

Jeni ya 16S inakuambia ni nani. Haikuambii anakula nini. Kwa hilo unahitaji kusoma DNA yote. Safisha vipande kwa fastp, viunganishe kwa MEGAHIT, ambayo inatumia RAM kidogo kuliko metaSPAdes, kisha vigawe katika jenomu kwa MetaBAT2 na uzipime kwa CheckM. Jenomu inahesabiwa kuwa bora ikiwa imekamilika zaidi ya asilimia 90 na ina uchafu chini ya asilimia 5. Ile iliyokamilika kwa asilimia 50 au zaidi na uchafu chini ya 10 ni ya wastani na bado inafaa. Majina yake yatafute kupitia GTDB, hazina ya uainishaji wa jenomu za bakteria na arkea.

Ndani ya jenomu hizo tafuta jeni zinazojibu swali lako: protini zinazoshika fuwele za barafu zisikue, protini za mshtuko wa baridi, vimeng'enya vya kulegeza mafuta ya utando wa seli ili usigande, na vile vya kuvuta haidrojeni hewani. Ukizikuta, umepata uwezo, si tendo. Jeni iliyomo ndani ya seli inaweza kuwa imelala.

Hatua ya 8: Vibali kabla ya kupanda Rwenzori

Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1994. Unahitaji usajili wa utafiti kutoka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori, UWA. Kwa kuwa vijidudu ni rasilimali za kijenetiki, kanuni za Uganda za 2005 kuhusu kuzifikia rasilimali hizo na kugawana faida zinakuhusu, hata kama wewe ni raia na unachukua nusu lita ya maji. Ukitaka kupeleka DNA nje ya nchi kusomwa, lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli. Anza mapema, miezi kabla ya safari.

Uende pia kwa wazee wa Kikonzo, wenyeji wa mlima huo. Kwao theluji ile ina heshima yake, na vilele ni makao ya Kitasamba, mungu wao wa mlima. Eleza unachokwenda kuchukua, kiasi gani, na kwa nini, kabla ya kukichukua.

Hali ya mlima wetu si ya ncha za dunia, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Antaktika ina kiangazi kimoja na usiku mrefu wa miezi. Rwenzori barafu huyeyuka mchana na kuganda upya karibu kila usiku, mwaka mzima. Watafiti wa Kijapani walieleza mwaka 2014 kuhusu vitufe vidogo vilivyoundwa na vichipukizi vya mmea mdogo wa jamii ya moss uitwao Ceratodon purpureus juu ya barafu ya Mlima Stanley, vyenye joto ndani kuliko barafu iliyovizunguka. Kulinganisha jamii za Stanley na za Svalbard ni kazi ambayo Mganda anaweza kuifanya akiwa na haki ya kwanza.

Hatua ya 9: Kuchukua sampuli

Usipande peke yako. Kuongozwa ni sharti la hifadhi, na kibanda cha Elena kiko mita 4,541 juu ya bahari. Ugonjwa wa kimo huua. Mwongozaji akisema shukeni, mnashuka, hata chupa zikiwa tupu.

Kabla ya safari, safisha vyombo. Spiriti huua bakteria lakini haiondoi DNA yao, na hata kuchemsha kwa mvuke wa shinikizo huacha vipande vya DNA. Kinachoivunja ni klorini: Jik ya dukani iliyochanganywa na maji, ikifuatiwa na kusuuza kwa maji yasiyo na DNA. Tahadhari kubwa: kemikali nyingi za kutolea DNA zina guanidini, na Jik ikikutana nayo hutoa gesi ya sumu. Visikaribiane kamwe, hata kwenye ndoo ya taka.

Juu barafuni, karibia ukitokea upande wa chini na ule upepo unaoelekea, ili vumbi lako lisitangulie. Vaa barakoa na glavu jozi mbili, na ile ya juu ibadilishwe kila sampuli. Kwangua tabaka la juu na ulitupe kama lengo lako ni barafu ya ndani. Kama lengo ni krayokonaiti, nyonya vumbi kwa sirinji tasa. Chukua angalau sampuli tatu kila mahali.

Kisha zile tupu. Fungua chupa ya maji tasa palepale, iache wazi muda uleule uliotumia kuchota, ifunge. Chota matope ya bwawa la Bujuku mlikopita, na tope la viatu vya kila mtu. Wapagazi na waongozaji waeleze sababu na uwaombe ruhusa kupangusa kamba na glavu zao. Baadaye, ukikuta bakteria wa matope juu ya barafu, utajua kama aliletwa na upepo au na kiatu.

Theluji iyeyushwe polepole gizani, ikiwa baridi, halafu ichujwe kwa chujio la mikromita 0.22. Lita moja ni kidogo, tano ni afadhali. Friza haipo mlimani, na nitrojeni ya maji ni mzigo hatari kwa wapagazi. Kwa hiyo chujio litumbukizwe papo hapo kwenye dawa inayohifadhi DNA kwenye joto la kawaida. Dawa hiyo ijaribu kwanza nyumbani, uone kama DNA inatoka vizuri baada ya juma moja mezani.

Hatua ya 10: Maabara na mashine

Kazi ya kutoa DNA ya barafu isifanyike kwenye chumba ambamo PCR (mbinu ya kuzidisha DNA) hufanywa. Tenga meza, pipeti na koti. Kila kundi la sampuli lisindikizwe na sampuli tupu ya kutolea DNA, na nyingine ya PCR, pamoja na mchanganyiko wa bakteria wanaojulikana ili upime kama njia yako inawapata wote. Andika namba ya toleo la kila kisanduku cha kemikali, maana uchafu hutofautiana toleo kwa toleo. Pima kiasi cha DNA kwa kifaa cha Qubit chenye unyeti wa juu. Usishangae ukipata chini ya nanogramu moja kwa mikrolita. Usiongeze mizunguko ya PCR kupita 35 ili tu kupata mstari kwenye jeli: unachokikuza mwishoni ni uchafu.

Kwa usomaji una njia mbili. Kupeleka nje kwa Illumina kuna ubora wa juu na gharama ya vibali na usafirishaji. Au utumie MinION ya Oxford Nanopore, kifaa kisichofika gramu 100 kinachochomekwa kwenye laptopu. Kimeshatumika kwenye mabonde makavu ya Antaktika, na huko Iceland kimeendeshwa kwa umeme wa jua juu ya barafu ya Vatnajökull. Kwa Rwenzori sishauri kukipandisha. Sahani zake za kusomea hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 na kuganda huziharibu. Soma ukiwa Kasese au Fort Portal, penye umeme na meza safi. Faida yake ni kusoma jeni ya 16S yote, besi kama 1,500, badala ya kipande. Ila DADA2 ya kawaida haiifai data hiyo. Tumia programu ya Emu.

Hatua ya 11: Unaruhusiwa kusema nini

Baridi huhifadhi DNA ya wafu. Mfuatano uliousoma unaweza kuwa wa seli iliyokufa karne nyingi zilizopita. Watu wa Whillans hawakutegemea vinasaba peke yake. Walipima ATP (molekuli ya nishati ya seli hai), wakapima kasi ya seli kutumia kemikali walizozilisha, na wakaotesha baadhi. Ukikosa vipimo hivyo, kuna rangi iitwayo PMA inayozuia DNA ya seli zilizopasuka isikuzwe, ingawa si kamilifu. La sivyo, kwa bakteria kama Polaromonas, andika "vinasaba vya Polaromonas vimepatikana", usiandike "Polaromonas anaishi hapa".

Weka data zote ENA kabla ya kuchapisha, pamoja na sampuli tupu zote, zikiwa na latitudo, kimo, tarehe, praima, na majina ya matoleo ya kemikali. Namba ya kibali cha UNCST iingie kwenye maelezo ya sampuli. Nusu ya DNA ibaki kwenye friza ya taasisi ya Uganda, yenye lebo isiyofutika na daftari la kuifuata. Nakala ya matokeo, kwa lugha inayosomeka bila digrii, ifike ofisi ya hifadhi na kwa wale wazee waliokupa ruhusa, ikieleza ni nini kilichotoka kwenye barafu yao na chupa ngapi bado zimehifadhiwa.